Edward Steere

Edward Steere (4 Mei 1828 – Agosti 1882) alikuwa askofu wa Kanisa Anglikana, mwanasheria na mtaalamu wa lugha kutoka Uingereza. Alifanya kazi Zanzibar kwa vipindi viwili: kuanzia 1864 hadi 1868, na tena kuanzia 1872 hadi kifo chake. Alikuwa askofu wa tatu wa misheni iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza kwa ajili ya Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA.

Anakumbukwa hasa kwa kazi tatu. Ya kwanza ni kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Ya pili ni kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, kilichosaidia kuweka msingi wa Kiswahili sanifu. Ya tatu ni mkusanyo wa hadithi alizozisikia kwa wenyeji wa Zanzibar na kuzichapisha mwaka 1870. Katika hadithi hizo wamo paa anayezungumza, nyoka wenye vichwa saba, majini, na kima aliyejiokoa kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha mtini. Zimesomwa na watoto wa mabara mengi, na nyingine zinaendelea kusimuliwa hadi leo.

Maisha ya awali

Steere alizaliwa London. Baba yake alikuwa mtu wa sheria, na mwana akafuata njia hiyohiyo. Alisoma katika University College ya London, akapata shahada ya kwanza mwaka 1847. Mwaka 1850 alipata shahada ya udaktari wa sheria, na mwaka huohuo akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili.

Hakudumu katika uwakili. Alivutwa zaidi na kazi za dini na za kuwasaidia maskini, na mwaka 1856 alipewa daraja ya ushemasi. Alihudumu kwanza Devon, kisha Skegness, kijiji cha pwani katika jimbo la Lincolnshire. Watu wa huko wakulima na wavuvi walimpenda kwa sababu hakuwa na makuu: aliongea nao kwa lugha yao na hakuona haya kufanya kazi kwa mikono. Baadaye akawa kasisi wa parokia ndogo ya Little Steeping.

Huko Lincolnshire alifanya urafiki na kasisi William Tozer, na urafiki huo ndio uliomleta Afrika. Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, alikufa kwa homa mwaka 1862 karibu na mto Shire, na Tozer akachaguliwa kushika nafasi yake. Steere akakubali kufuatana na rafiki yake. Shabaha ilikuwa kumsaidia kwa muda tu, kisha arudi parokiani.

Kufika Zanzibar

Mwaka 1863 Tozer na Steere walipanda mto Zambezi na kujaribu kukaa juu ya mlima Morumbala, karibu na mto Shire. Mahali hapo hapakufaa: palikuwa na ukungu na maradhi, na nchi ya jirani ilikuwa imevurugwa na vita na biashara ya watumwa. Tozer akaamua kuhamishia misheni mahali ambapo njia za bara na za bahari zinakutana. Wakatia nanga Zanzibar mwishoni mwa Agosti 1864.

Wakati huo Zanzibar ilitawaliwa na Seyyid Majid, na soko la watumwa lilikuwa wazi kila siku. Muda mfupi baada ya kufika kwao, Sultani aliwakabidhi wamisionari wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni, na baada yao walikuja wengine, wavulana kwa wasichana. Mmoja wa watano wale, John Swedi, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa daraja katika misheni hiyo, mwaka 1870.

Watoto hao walitoka katika makabila mbalimbali ya bara, na kila mmoja alikuja na lugha ya kwao. Hawakuweza kuelewana wao kwa wao, wala na walimu wao, mpaka wapate lugha moja. Lugha hiyo ikawa Kiswahili cha mjini Unguja. Kwa hiyo Steere alijikuta na kazi mbili kwa mpigo: kujifunza lugha mwenyewe, na kuandaa vitabu vya kuwasomesha watoto ambao nao walikuwa wageni katika lugha hiyo.

Kazi ya lugha

Steere hakuwa Mzungu wa kwanza kuandika juu ya Kiswahili. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikwisha kuchapa sarufi mwaka 1850. Lakini Krapf aliandika Kiswahili cha Mombasa, na tahajia yake ilikuwa ngumu kwa wengi. Steere aliandika lugha aliyoisikia Unguja, kwa herufi chache na rahisi. Irabu alizipa sauti zilezile ambazo mwanafunzi wa leo anazijua.

Alikuwa na bidii isiyo ya kawaida. Mbali na Kiswahili, alikusanya maneno na sarufi za Kishambaa, Kinyamwezi, Kiyao na Kimakonde, mara nyingi kwa kuwauliza watu wa makabila hayo waliokuwa Zanzibar. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kuchapa, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi za chapa. Karatasi za kwanza za Steere zilitoka katika mtambo huo.

Moja ya vitabu hivyo vya mwanzo kilitoka mwaka 1867. Kilikuwa na hadithi nne za tamthilia za Shakespeare, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kutoka katika kitabu ambacho Charles na Mary Lamb waliwaandikia watoto wa Uingereza. Hivyo hadithi za Shakespeare zilichapwa Zanzibar kwa Kiswahili karibu karne moja kabla Julius Nyerere hajatafsiri tamthilia za mwandishi huyo.

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, akaendelea na parokia yake na kusimamia uchapaji wa vitabu vyake. Mwaka 1870 vilitoka viwili vikubwa mjini London: kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama inavyosemwa Zanzibar, na mkusanyo wa hadithi ulioitwa Swahili Tales, yaani Hadithi za Kiswahili.

Mkusanyo wa hadithi

Hadithi za Swahili Tales zilitoka vinywani mwa watu wa Zanzibar. Steere aliomba asimuliwe, akaandika kwa Kiswahili kama alivyosikia, kisha akatafsiri. Kitabu kilipangwa kwa namna inayomfaa mwanafunzi: ukurasa mmoja Kiswahili, na ukurasa unaoukabili Kiingereza. Haja yake ya kwanza ilikuwa ya kiualimu. Mgeni anayetaka kujua lugha hapati faida kubwa kwa kukariri kanuni peke yake. Sharti asikie wenyewe wakizungumza, wakitania, wakibishana na kulaumiana. Hadithi zina hayo yote.

Jina la kitabu linakiri kwamba wasimulizi ni wenyeji wa Zanzibar. Hata hivyo jina lililosafiri duniani pamoja na kitabu ni la Steere. Wale waliokuwa na hadithi vichwani mwao, waliojua mahali pa kupaza sauti na mahali pa kunyamaza, hawakupata umaarufu kama wake. Anayesoma mkusanyo huo leo hana budi kukumbuka kwamba kalamu ilikuwa ya mmoja na ufundi ulikuwa wa wengi.

Baadhi ya hadithi zilizomo

Sultani Darai. Maskini mmoja aliyezoea kuchakura jaani anaokota thumni, na kwa thumni hiyo ananunua paa. Paa huyo anazungumza. Anapata almasi, anaipeleka kwa sultani wa mbali, anamposea bwana wake binti wa sultani, kisha anamwua nyoka mwenye vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba na mali ya nyoka huyo. Maskini anakuwa tajiri. Lakini paa anapougua, bwana wake hamjali, na anaamuru apewe uji wa nafaka duni. Paa anakufa kwa uchungu na kutupwa kisimani. Mwishowe yule mtu anajikuta jaani tena, akichakura kama zamani.

Sultani Majnuni. Paka wa sultani anaanza kula mifugo, kisha watu. Kila mara raia wanapolalamika, sultani anawajibu kwamba paka ni wake na hao walioliwa ni wake pia. Paka anazidi kukua hadi anageuka nunda, mla watu, na kuwaua hata wana wa sultani mwenyewe. Mwana mdogo, ambaye hakuthaminiwa na baba yake, anatoka kumtafuta. Kila anapoua mnyama humletea mama yake na kuuliza kama huyo ndiye nunda, na mama humjibu kwamba siye. Wanyama wanazidi ukubwa, mpaka nunda mwenyewe anapatikana na kuuawa.

Kima, papa na punda wa dobi. Kima anakaa juu ya mkuyu kando ya bahari na kumtupia papa matunda. Urafiki unaota, na papa anamwalika kwao. Wakiwa katikati ya bahari papa anafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamwambia kwamba makima wanapotembea huiacha mioyo yao mitini, kwa hiyo warudi kuuchukua. Akifika pwani anaruka juu na hashuki tena. Papa anapomwita, kima anamsimulia kisa cha punda wa dobi, aliyedanganywa mara ya kwanza akaponea chupuchupu, kisha akadanganywa mara ya pili na kuuawa.

Mwalimu Goso. Mwalimu anafundisha watoto chini ya mbuyu. Paa anapanda kuiba matunda, buyu moja linaanguka na kumwua mwalimu. Wanafunzi wanataka kisasi. Wanamkamata upepo wa kusi, naye anauliza kwa nini akiwa na nguvu anazuiwa na kiambaza. Wanaenda kwa kiambaza, naye anamtaja panya anayemtoboa. Panya anamtaja paka, na mnyororo unaendelea hivyo hadi wanapomfikia paa, ambaye anakosa la kujibu.

Haseebu. Kijana Haseebu Karimu ed-Dini anaachwa shimoni na wenzake waliokuwa wakichota asali. Anakutana na mfalme wa nyoka, anayempokea kwa wema. Baadaye Haseebu analazimika kuonyesha njia ya kumfikia mfalme huyo, ingawa alikuwa ameahidi kutofanya hivyo.

Kitabu kina pia kisa cha Liongo, shujaa wa pwani ya kaskazini. Anatoroka kifungoni kwa msaada wa chombo cha kukatia minyororo kilichofichwa ndani ya mkate, na anauawa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na jamaa yake. Pamoja na kisa hicho Steere alichapa shairi la kale linalohusishwa na Liongo. Kwa njia hiyo kazi iliyokusudiwa iwe ya shule iliokoa pia sehemu ya ushairi wa zamani.

Asili ya hadithi

Hadithi hizi zinaonyesha Zanzibar ilivyokuwa njia panda ya bahari. Kisa cha kima na papa kina mwenzake katika mkusanyo wa kale wa Kihindi uitwao Panchatantra, ambamo adui wa kima ni mamba. Kilitoka India kikaingia Uajemi na Uarabuni kwa jina la Kalila na Dimna. Hadithi ya Haseebu ni ndugu ya ile iliyomo katika Alfu Lela Ulela. Visa vya sungura, fisi na simba, kwa upande mwingine, ni vya bara la Afrika na vinajulikana katika makabila mengi.

Wasimulizi wa Unguja hawakuziacha hadithi za kigeni zikae kama wageni. Mti ukawa mkuyu, mamba akawa papa, upepo ukawa kusi, na sarafu ikawa thumni. Ndiyo sababu si rahisi kusema ipi ni ya Waarabu, ipi ya Wahindi na ipi ya Waswahili. Hadithi ni ya yule aliyeisimulia vizuri hata wasikilizaji wakaiona ni yao.

Uaskofu na kanisa kuu la Mkunazini

Mwaka 1872 Steere alirudi Zanzibar. Hali ilikuwa mbaya: kimbunga cha mwaka huo kilikuwa kimebomoa majengo na kuharibu mashamba, na afya ya Askofu Tozer ilikuwa imekwisha. Tozer alijiuzulu, na Steere akabaki na mzigo wote. Mnamo 24 Agosti 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Mnamo 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko lao. Misheni ilipata kiwanja cha soko hilo huko Mkunazini, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Steere alishiriki mwenyewe katika kuchora na kusimamia ujenzi. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na dari la mviringo likamiminwa kwa mchanganyiko wa saruji na matumbawe. Wako waliodhani dari hilo lingeporomoka. Kanisa lilifunguliwa siku ya Krismasi 1879, na dari limesimama mpaka sasa. Inasimuliwa kwamba altare iko mahali uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa.

Safari za bara na Masasi

Mwaka 1875 Steere alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe, makao ya Mataka, mtawala wa Wayao, akitafuta njia ya kuelekea ziwa Nyasa. Mwaka uliofuata aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani ili wakaanze maisha mapya karibu na kwao. Safari ilikatishwa Masasi, ambako watu hao waliona nchi nzuri wakaomba kubaki. Kutoka hapo misheni ilisonga mbele baadaye hadi ziwa Nyasa, ambalo ncha yake ya kaskazini iko chini ya milima ya Rungwe.

Wakati huohuo Steere aliendelea kutafsiri maandiko ya dini. Sehemu kubwa ya Agano Jipya la Kiswahili cha Unguja ilipitia mikononi mwake, na kazi hiyo ilikamilishwa na wenzake hadi Biblia nzima ilipochapishwa mwaka 1891.

Kifo

Steere alifariki ghafla Zanzibar mnamo Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilirekebishwa na kupanuliwa na A. C. Madan, aliyekuja kuwa mtunzi wa kamusi za Kiswahili.

Hadithi kuenea duniani

Hadithi za Unguja zilitoka katika mikono ya wanafunzi wa lugha zikaingia katika vyumba vya watoto wa Ulaya. Mwandishi wa Uskoti Andrew Lang alikuwa akitoa mfululizo wa vitabu vya hadithi za ajabu, kila kimoja kikiitwa kwa jina la rangi yake. Kazi kubwa ya kutafsiri na kuandika upya ilifanywa na mkewe, Leonora. Kitabu cha rangi ya urujuani cha mwaka 1901 kilikuwa na hadithi ya paa, ya nunda na ya Haseebu. Hadithi ya moyo wa kima ilitokea katika kitabu kingine cha mfululizo huo mwaka 1910. Mwaka 1901 pia, George W. Bateman alichapa Chicago mkusanyo wake wa hadithi za Zanzibar, ambamo wasomaji wa Marekani walikutana na visa vya paa, kima na Goso.

Mmoja wa wasomaji wa vitabu vya Lang alikuwa J. R. R. Tolkien, mwandishi wa The Hobbit. Mwaka 1939 alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha St Andrews juu ya maana ya hadithi za ajabu, na hadithi ya Kiswahili ya moyo wa kima ilikuwa mmoja wa mifano yake. Aliona kwamba kwa hakika ni kisa cha wanyama tu, lakini wazo la moyo kukaa nje ya mwili ni la kale sana na ndilo lililoifanya ihesabiwe miongoni mwa hadithi za ajabu. Mhadhara huo ulichapishwa mwaka 1947 na ni moja ya maandishi yanayotajwa sana na wanaochunguza fasihi ya aina hiyo. Kwa hiyo kisa kilichosimuliwa Unguja kiliingia katika mjadala wa dunia juu ya hadithi za watoto.

Safari ilikuwa ya kwenda na kurudi. Kitabu cha Lewis Carroll juu ya Alice katika nchi ya ajabu kilitoka Uingereza mwaka 1865, Steere akiwa Zanzibar. Mwaka 1940 kilichapwa kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, alichukua kisa chenye asili katika Alfu Lela Ulela na kukipa maadili na Kiswahili chake mwenyewe.

Hadithi za pwani katika nyanda za juu

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya Afrika Mashariki. Uamuzi huo uliifanya lugha aliyoiandika Steere kuwa lugha ya shule hata mbali na bahari.

Wilaya ya Rungwe ni mfano mzuri. Wamisionari wa Moravian walifika huko mwaka 1891 na walifanya kazi yao hasa kwa Kinyakyusa. Kiswahili kiliingia kwa njia ya serikali, biashara na shule, na Tukuyu, mji uliokuwa makao ya utawala tangu wakati wa Wajerumani, ulikuwa mlango wake mmojawapo. Mtoto wa huko alikua kati ya migomba na mvua nyingi, akisikia simulizi za Wanyakyusa kwa lugha ya mama, kisha akakikuta Kiswahili darasani. Kwa jambo hilo anafanana na wale watoto wa kwanza wa misheni ya Zanzibar: naye anajifunza kusoma kwa lugha ambayo si ya kwao.

Hapo ndipo hadithi inaposhinda kitabu cha kanuni. Mtoto wa Rungwe huenda hajaona papa, kwa maana ziwa Nyasa halina papa, wala hajaona jahazi. Lakini rafiki anayekualika kwake akiwa na nia ya kukudhuru anaeleweka mlimani kama pwani. Maneno mapya yanaingia bila kulazimishwa, kwa sababu msikilizaji anataka kujua kama kima atapona.

Sababu za kudumu kwa hadithi hizi

Kwanza, zinampa nafasi mnyonge. Anayeokoa si mwenye nguvu: ni paa aliyenunuliwa kwa thumni, ni kima mbele ya papa, ni mwana mdogo aliyedharauliwa. Mtoto, ambaye siku zote ni mdogo kati ya wakubwa, anajiona humo.

Pili, hazimdanganyi mtoto juu ya dunia. Paa mwema anakufa kwa kukosa shukrani za aliyemtendea wema. Haseebu anavunja ahadi kwa sababu amebanwa. Hadithi ya nunda inaonyesha mtawala anayepuuza malalamiko ya raia mpaka madhara yanapofika nyumbani kwake. Mtu mzima anayemsimulia mtoto kisa hicho husikia mambo ambayo mtoto atayaelewa baadaye.

Tatu, zimejengwa kwa kukumbukwa. Marudio ya nunda na mnyororo wa Mwalimu Goso humwezesha mtoto wa miaka saba kusimulia baada ya kusikia mara moja au mbili. Hadithi inayoweza kusimuliwa na mtoto haihitaji kitabu ili iishi.

Tathmini

Steere alikuwa mtu wa wakati wake. Alikuja kueneza dini, na vitabu vyake viliwasaidia pia maofisa wa kigeni waliokuja kutawala. Kwa karne nyingi kabla yake Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini alizozitumia ziliwafungulia wengi mlango wa kusoma, lakini kadiri zilivyoenea, vizazi vya baadaye vilipoteza uwezo wa kuzisoma hati za mababu zao. Kuchaguliwa kwa lahaja moja kuliacha nyuma Kimvita, Kiamu na nyinginezo zenye ushairi mkubwa.

Pamoja na hayo, aliwaona wasimulizi wa Unguja kuwa walimu wa lugha yao, wakati ambapo Wazungu wengi walidhani Waafrika hawana fasihi ya kufaa kuandikwa. Ndugu Grimm walikuwa wamefanya kazi ya namna hiyo Ujerumani tangu 1812, na katika Kiswahili Steere ni miongoni mwa waliotangulia. Kanisa lake linatembelewa na wageni wa mataifa mengi, lakini hadithi alizoziandika hazihitaji kusafiriwa. Zinasimuliwa popote Kiswahili kinaposemwa, na wengi wanaozisimulia hawajawahi kusikia jina lake.